Safu ya Krismasi

Fundi Burito wa Makoko hakuwa mtu wa kusifu mti uliosimama. Alisema mti uliosimama ni kama mchumba wa kwenye picha, hakuna mbaya. Kwa hiyo alipofika kwa Pastory Nyamhanga, nusu saa kwa miguu kutoka Nyegina, Jumanne moja ya Agosti mwaka wa tisini na nne, aliegemeza baiskeli ukutani, akanywa maji, akaanza kulizunguka shamba la misaipresi kimyakimya. Pastory alimfuata nyuma mikono mgongoni, kama bwana harusi aliyeleta ng'ombe wa mahari na sasa anangoja wazee wamalize kuwapapasa mbavu.

"Sitini na nne," Pastory alisema. "Hesabu mwenyewe. Haujafa hata mmoja tangu tupande mwaka wa sabini na saba."

"Nimekuja kutafuta boti, bwana. Kuhesabu vichwa ni kazi ya mwalimu wa zamu."

Pastory alicheka, maana fundi asiyechekewa huenda akapima vibaya. Alikuwa na haraka. Kiwanda cha nguo cha mjini kilikuwa kimewaachisha kazi mwezi wa tano, yeye na wenzake wengi, akarudi nyumbani na godoro, redio na barua ya shukrani. Ziwani ndiko pesa zilikokuwa zimehamia. Sangara, ambaye zamani watu walimwona samaki wa mafuta mengi na maringo, sasa alikuwa akipanda ndege kwenda Ulaya kabla wao hawajafika hata Bunda. Na Clementi, wakala wa kiwanda cha minofu, alikuwa ametangaza pwani nzima: atakayekuwa na boti yake mwenyewe, futi ishirini na nne, ikielea majini kabla Septemba haijaisha, atapewa nyavu. Asiye na boti atapiga kasia katika boti ya mwenzake.

Pastory alishapiga kasia katika boti ya mwenzake. Mwenzake huyo alikuwa shemeji yake, mdogo kwake kwa miaka kumi na minne. Siku ya tatu kasia lenyewe akanyang'anywa, akapewa kopo la Kimbo, achote maji yanayoingia. Mtu wa miaka arobaini na minane! Alirudi nyumbani akaitazama misaipresi yake akasema, "Boti yangu hii hapa, imesimama."

Safu ya mbele, iliyotazama barabara ya Musoma, ndiyo iliyokuwa fahari yake. Miti ishirini na minne, minene, yenye matawi tangu kimo cha goti hadi juu. Wapita njia walikuwa wakiuliza ni ya nani. Pastory hakuwahi kuruhusu panga liiguse. Watu wa kwao ni wa ng'ombe, na kwao ng'ombe husifiwa kwa pembe. Mti aliusifu kwa matawi. Kila alipokuja likizo alikuwa akiyahesabu.

Burito alitia mkono ndani ya matawi, akagusa shina, akautoa mkono ukiwa na utandobuibui. Matawi ya chini yalikuwa makavu, ya kahawia, bado yameng'ang'ania mti.

"Haya yamekufa lini?"

"Yatakuwa yamekufa yenyewe tu."

"Ndiyo ubaya wake," Burito alisema, asieleze zaidi. "Tuangushe mmoja."

---

Silasi na mwenzake, wapasuaji kutoka upande wa Butiama, walikuwa na msumeno mrefu wa mikono miwili. Mmoja husimama juu ya gogo, mwingine chini akila unga wa mbao. Siku mbili walivuta na kusukuma huku watoto wa jirani wakiwaimbia. Msumeno ulikuwa ukienda vizuri kidogo, kisha unagoma, unalia, halafu Silasi anatukana kwa lugha ya kwao akidhani hakuna anayeisikia. Dafroza, mke wa Pastory, alikuwa akiisikia. Alizaliwa huko.

"Kaka, punguza," alisema akipita na debe la maji. "Mti haujakutusi wewe."

"Mama, huu mti una mawe ndani."

Mbao tatu zilipatikana, pana, nzuri machoni. Zilianikwa uani siku nne, na Pastory akawa anakaa karibu nazo kufukuza kuku. Siku ya tano Burito akarudi na rula yake. Majirani saba walikuwepo kwa shughuli zao, shughuli zenyewe zikiwa kutazama.

Burito aliinua ubao wa kwanza. Ulikuwa na vifundo vya duara, vyeusi, kila kimoja kimezungukwa na gome lake jembamba kama pete. Aliweka kidole gumba juu ya kimoja, akasukuma. Kifundo kikaanguka chini kama kitufe cha shati. Akainua ubao usoni, akamchungulia Pastory kupitia tundu.

"Baba Ursula, hujambo huko?"

Majirani walicheka mpaka mmoja akashika ukuta. Pastory aliuchukua ubao, akasukuma kifundo kingine ili kuonyesha kwamba kile kilikuwa bahati mbaya. Nacho kikaanguka.

"Tutaziba," alisema. "Pamba ninaijua miaka kumi na tisa. Pamba na lami."

"Tundu moja naziba. Matatu naziba. Hapa nimehesabu kumi na manne kwenye ubao mmoja, na boti inataka mbao thelathini. Hiyo ni chujio."

"Mbona mbao zote zina vifundo? Hata za mvule."

Burito aliketi juu ya gogo. Alipenda kufundisha, hasa palipokuwa na watu. "Sikiliza. Tawi likikatwa bado bichi, bado jembamba, na likakatwa karibu kabisa na shina, mti unafunga kidonda. Kuanzia hapo unanenepa kwa mbao safi. Tawi ukiliacha lifie mtini, mti haulitupi. Unanenepa tu, unalimeza likiwa maiti. Sasa ubao ukikauka, maiti inatoka kaburini." Akaokota kifundo, akampa Pastory mkononi. "Tawi lako hili. Hukutaka likatwe, limekurudia."

"Hakuna aliyeniambia."

"Bwana misitu alikuwa akijaga," Dafroza alisema kutoka mlangoni. "Na baiskeli yake ya kijani. Ulimwambia anataka kuni."

Pastory alimgeukia fundi. Aliuliza kwa sauti ya mtu wa ofisini mbao hizo zingefaa nini.

"Peleka mjini kwa wachonga majeneza," Burito alisema. "Maiti haogopi kuvuja."

---

Safu tatu za nyuma, miti ishirini na tisa, hazikuonekana kutoka barabarani. Pastory hakutaka kumpeleka fundi huko. Burito alikwenda mwenyewe, kwa sababu alikuwa akitafuta mahali pa kukojoa, akarudi ameshika mkanda na macho yamemtoka.

"Nani aliyenyoa kule?"

"Huyu," Pastory alisema, akimwelekezea mke wake kidevu. "Mwizi wangu wa ndani. Nilimpeleka mpaka kwenye baraza la kijiji."

"Mlinitoza jogoo," Dafroza alisema.

Mashina ya nyuma yalikuwa laini kama mikono ya karani. Mwaka ule mafuta ya taa yalipopotea na vilima vya jirani kubaki mawe matupu, Dafroza alikuwa akienda huko na panga, akikata matawi yakiwa na unene wa kidole, karibu na shina ili mume wake asione visiki. Kwa miaka saba aliivika nyumba nzima moshi wa misaipresi. Sasa Burito aliangusha mmoja, wakapasua kipande, na mbao zikatoka nyeupe bila kifundo hata kimoja.

"Haa!" Dafroza alipiga makofi. "Haya, Baba Ursula. Nilikuwa napikaga kwa nini, kwa mawe?"

Lakini Burito alikuwa anapima upana, na uso wake haukupiga makofi. Inchi nne. Ubao wa pili, inchi nne kasoro.

"Mama, umekata vizuri sana. Ila umekata mno." Alionyesha juu: kila mti ulikuwa umebakiwa na kishungi kileleni, kama fagio lililosimamishwa. "Mti unakula kwa majani. Huu umeuachia kijiko kimoja. Una miaka sawa na ule wa barabarani, tazama wembamba wake. Boti ya mbao za inchi nne itakuwa na maungio mengi kuliko mkeka."

Dafroza alishusha mikono. Pastory, ambaye angeweza kufurahi, hakufurahi. Alikuwa ameanza kuhesabu siku.

"Basi haifai yote?"

"Hii myembamba wachimbaji dhahabu wa Buhemba watanunua, wanatakaga nguzo za mashimo yao. Utapata chochote." Burito alifunga rula. "Boti, hapana."

Ilikuwa tarehe ishirini na tano Agosti. Dafroza alitazama miti yake, akatazama mume wake, akasema neno ambalo baadaye Pastory alidai ndilo lililoanzisha matata yote.

"Fundi, hujaona ya njiani."

---

Kando ya njia iendayo kigangoni, kwenye kanisa la kijiji, ilikuwepo safu moja, miti kumi na mmoja. Burito alifika hapo akavua kofia. Mashina yalikuwa manene karibu kama ya barabarani, na laini kama ya nyuma, tangu chini hadi futi kumi na nne. Juu ya hapo matawi mabichi, tele, yenye afya.

Hakuna msomi aliyeitunza. Kila Krismasi akina mama wa kigango walikuwa wakikata matawi ya kupamba altare na milango ya nyumba, duara moja tu la matawi kwa kila mti, kwa maana kanisa ni dogo. Mwaka uliofuata walikata duara la juu yake. Nao walikata kwa msumeno, karibu na gome, kwa sababu mwaka mmoja kisiki cha tawi kilirarua gauni jipya la mmoja wao, Helena, katikati ya maandamano, na Helena hakuwa mtu wa kuraruliwa gauni akanyamaza.

"Hii!" Burito alisema. "Hii ndiyo boti. Futi ishirini na nne na mbao tatu za akiba. Nani kaitunza?"

Mume na mke walitazamana. Kisha Dafroza akasema, "Si yetu."

"Si yenu vipi? Iko shambani kwenu."

Pastory alikohoa. Mwaka wa tisini, siku ya Noeli, alikuja likizo akakuta akina mama wamekaribia safu ya barabarani na msumeno wao. Akaona dawa ni moja. Baada ya mahubiri alisimama mbele ya watu wote na suti yake ya kiwandani, akaitolea kanisa safu ile ya njiani, iliyokwisha nyonyoka kama kuku wa maji moto, ili nyingine ziachwe kwa amani. Alitoa alichokiona kibaya. Alishangiliwa sana.

"Tutazungumza nao," alisema sasa. "Ni watu wangu."

---

Halmashauri ya kigango ilikaa Jumapili baada ya ibada, watu tisa kwenye mabenchi ya udongo. Katekista Renatus, mwalimu wao wa dini, alikaa katikati. Burito alialikwa kueleza mambo ya mbao. Dafroza alikaa upande wa akina mama, kwa kuwa ndiye mwenyekiti wao, na Pastory akasimama, maana benchi lililobaki lilikuwa la watoto.

"Mwalimu," Pastory alianza, "nadhani siku ile sikueleweka. Nilitoa matawi. Shina ni langu. Kwa mila zetu matawi ni ya mama wa kuni, shina ni la baba."

"Baba Ursula," Helena alisema, "mimi nilikuwa benchi la pili. Ulisema tangu mzizi mpaka kilele ni mali ya Bwana. Nilipiga vigelegele mpaka sauti ikanikauka siku mbili. Hivyo vigelegele utanirudishiaje?"

Watu walicheka. Renatus aliinua mkono, akicheka pia ila kwa adabu.

"Basi tubadilishane," Pastory alisema. "Nachukua hii kumi na mmoja, nawapa ya barabarani. Minene. Imebaki ishirini na mitatu!"

"Ile yenye madirisha?" Renatus aliuliza.

Kumbe habari ilishafika. Kicheko hiki kilichukua muda mrefu zaidi, na Pastory alikisubiri kiishe akiwa ametazama viatu vyake. Vilikuwa viatu vya kiwandani, bado vina kamba.

"Ndugu zangu," alisema, na sauti ya ofisini ikawa haipo tena, "nyavu zinagawiwa mwezi unaokuja. Nikikosa, sina kitu kingine. Kiwanda hakitaniita. Nimeshachotaga maji kwenye boti ya mtoto."

Hapo hakuna aliyecheka. Renatus aliwatazama akina mama. Ilijulikana kwamba wakikubali, wanaume watatu wa halmashauri watakubali, kama kawaida yao. Na akina mama walimtazama mwenyekiti wao.

Dafroza alikunja kona ya kanga, akaikunjua.

"Kigango kina miti," alisema. "Kina udaga wa sadaka ya mavuno, magunia saba ya mihogo mikavu, panya wameanza kuujua. Fundi, wewe udaga unakula?"

"Nakulaga," Burito alisema. "Mbali ya hapo nina watoto tisa."

"Na Clementi anauliza boti. Haulizi dini. Kigango kichonge boti yake. Kitachukua nyavu. Atakayevua alipwe fungu lake kila asubuhi, na fungu la boti liezeke kanisa hili kwa bati."

Helena alianza kigelegele, akakumbuka bei yake, akaishia katikati.

"Mama Ursula!" Pastory alisema.

"Nimekusikia, Baba Ursula. Nitakujibu nyumbani."

---

Nyumbani Pastory alikaa kwenye kigoda, akasimama, akakaa tena.

"Ulikuwa na neno moja tu la kusema. Moja! Wangenirudishia."

"Wangekurudishia."

"Umeninyang'anya boti mbele ya watu."

"Na wewe ulininyang'anya jogoo mbele ya watu. Mkamla wewe na mwenyekiti wa kijiji."

"Tulimla wote."

"Mimi nilimpika." Dafroza alikuwa anachambua dagaa, hakuinua macho. "Kwa kuni gani, hukuuliza."

Pastory alitaka kusema kitu kikubwa. Kilichotoka kilikuwa kidogo. "Ingekuwa ya kwetu."

"Ingekuwa ya kwako. Shamba ni lako, mti wako, tawi lako, hata moshi wako. Miaka yote hiyo nilikuwa naibaga ndani ya nyumba yangu. Boti ikiwa yako, samaki wa mboga nitamwiba tena. Ikiwa ya kigango, fungu lako linajulikana na watu tisa, litafika jikoni lina macho yake yote mawili." Alisukuma kando dagaa waliovunjika. "Mimi nami nilikata mno, fundi amesema. Sikujua kuacha. Ndiyo maana nataka wawepo wa kuniambia acha, na wa kukuambia wewe kata."

"Na nikikataa kuvua?"

"Nathanieli wa Makoko atavua. Alishauliza tukitoka kikaoni."

Pastory alitazama nje. Alitoka, na kwa muda sauti ya panga ikasikika upande wa barabara. Aliporudi jasho lilikuwa likimtoka, mikono imejaa ulimbo, na mlango wa jiko ukazibwa na matawi makavu.

"Ya kupikia," alisema.

"Hayo yaliyokufa yamechelewa," Dafroza alisema. "Lakini lete."

---

Burito alimaliza boti tarehe ishirini na sita Septemba. Hakukuwa na tundu la kuziba. Walipoibeba kutoka Makoko kuishusha majini watu walikuwa arobaini, nusu yao wakibeba na nusu wakielekeza. Ilielea. Burito aliingia, akarukaruka ndani yake kama mtu anayejaribu kitanda cha hoteli, akatoka miguu mikavu.

Clementi alifika tarehe ishirini na tisa na pikapu, nyavu nyuma, na fomu kwenye ubao wa kuandikia. Upepo ulikuwa unazitaka fomu zile, kwa hiyo Pastory, aliyekuwa karibu, akashika kona zake mbili kwa mikono yote.

"Urefu?"

"Ishirini na nne," Pastory alisema.

"Mbao?"

"Saipresi. Safi. Haina kifundo."

"Mwenye boti?"

Pastory alivuta pumzi. Watu wa kigango walikuwa nyuma yake, wametulia kuliko walivyotulia kwenye mahubiri yoyote. Wakala hakujua lolote. Angeandika jina lolote ambalo angetajiwa, na kalamu ilikuwa imeshagusa karatasi.

"Kigango," Pastory alisema.

"Kigango hakina dole gumba. Nataka mtu."

Renatus alirudi nyuma hatua moja, kwa unyenyekevu au kwa hofu ya wino. Akina mama wakamsukuma Dafroza mbele. Alifuta mkono kwenye kanga, akabonyeza dole gumba pale alipoonyeshwa, kwa nguvu, kama anayejaribu kifundo. Alama ikatoka nzima.

"Na huyu anayenishikia karatasi?" Clementi aliuliza. "Ni nani?"

"Huyu ni mume wangu," Dafroza alisema, "na ndiye atakayepiga kasia."

Clementi aliandika hilo la pili tu, maana fomu haikuwa na nafasi ya la kwanza.